Pomboo hutoa sauti puani: jibu kwa mwalimu wa Nzuguni

Swali: Ninafundisha Baiolojia na Fizikia katika sekondari moja huku Nzuguni, Dodoma. Wanafunzi wangu waliona video fupi ya pomboo aliyechomoza kwenye bwawa, kafungua mdomo, anapiga mluzi. Ubishi ukaanza. Mmoja anasema pomboo ana nyuzi za sauti kama sisi, mwingine anasema anatumia ulimi, wa tatu kasoma mahali kwamba wanaitana majina. Sauti ile inatoka wapi hasa? Hayo majina ni kweli? Na sisi tulio mbali na bahari tunaweza kulisomesha jambo hili kwa vitendo, pasipo kuishia kuchora ubaoni?

Jibu: Mwalimu, anza kwa kuwaambia wasiutazame mdomo. Pomboo hutengeneza sauti zake puani, ndani ya kichwa, chini kidogo ya lile tundu moja la kupumulia lililo utosini. Mdomo uliofunguka kwenye video haukutoa chochote. Pomboo wanaofugwa kwa maonyesho hufundishwa kuachama na kutoa sauti juu ya maji, kisha hulipwa samaki, kwa sababu watazamaji hupenda kuona kiumbe "anayesema". Sauti yenyewe hupita kwenye tundu la utosini likiwa limeachwa wazi kidogo. Irudieni video hiyo mkiwa mmekaza macho utosini. Kama picha ni nzuri, mtaona ukingo wa tundu unatetema. Baharini mambo huwa tofauti: sauti nyingi hutolewa chini ya maji, tundu likiwa limefungwa kabisa.

Sababu ya mdomo kutohusika iko kooni. Kwetu sisi njia ya hewa na njia ya chakula hukutana, ndiyo maana tunapaliwa. Kwa pomboo, zoloto, kile kiungo cha kooni ambamo sisi tuna nyuzi za sauti, limerefuka likapanda hadi kuingia ndani ya njia ya pua, na msuli mnene unalibana hapo. Hewa na chakula vimetenganishwa, na hewa haipiti mdomoni katika upumuaji wa kawaida. Ndiyo maana anaweza kummeza samaki huku akiendelea kutoa sauti. Kwa hiyo yule mwanafunzi wa nyuzi za sauti amekosea mahali, ingawa zoloto lina kazi yake: husaidia kuisukuma hewa kwenda juu. Wa ulimi anaweza kuwa amesikia habari za popo mmoja wa matunda, Rousettus, ambaye kweli hutafuta njia pangoni kwa kugonga ulimi. Pomboo hafanyi hivyo.

Sasa tuingie ndani ya pua. Kila upande wa njia ya pua, kulia na kushoto, kuna jozi ya mikunjo minene ya nyama inayogusana. Huitwa midomo ya sauti, na imepakana na vipande vidogo vya mafuta. Pomboo huvuta pumzi juu ya maji, hufunga tundu, kisha misuli huisukuma hewa hadi kwenye sehemu ya njia ya pua iliyo ndani ya mfupa wa fuvu. Kanieneo hupanda hapo mpaka ile midomo isukumwe kufunguka kidogo, na papo hapo inafunga tena kwa kishindo. Kufunga huko ndiko huzaa mlio mfupi mkali tunaouita kliki, ambao pomboo hutumia kutafuta vitu kwa kusikiliza mwangwi wake. Mzunguko mmoja wa kufunguka na kufunga, kliki moja. Hewa iliyopita hujikusanya kwenye vifuko vilivyo juu ya midomo, kisha hurudishwa chini itumike tena. Kwa sababu hiyo anaweza kupiga maelfu ya kliki kwa pumzi moja bila kutoa hata kiputo. Wanafunzi wa Fizikia watafurahia kukokotoa kwa nini ubahili huo una maana: kwenye kina cha mita 100 kanieneo ni takriban mara 11 ya ile ya juu, hivyo lita moja ya hewa husinyaa kuwa mililita 90 hivi.

Jozi hizo mbili zimegawana kazi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2013 na mtafiti Peter Madsen na wenzake vilionyesha kwamba kliki hutoka zaidi jozi ya kulia na miluzi jozi ya kushoto. Mwaka 2023 Madsen, Ursula Siebert na Coen Elemans walieleza katika jarida la Science kwamba midomo hiyo hutetema kwa namna zaidi ya moja, kama nyuzi za sauti za binadamu zinavyobadilika kati ya sauti ya kukwaruza, sauti ya kawaida ya mazungumzo na sauti nyembamba ya juu. Kliki hutolewa kwa ile namna ya kukwaruza, ambayo midomo hukaa imefungwa muda mwingi na kufunguka kwa nukta ndogo tu.

Neno "mluzi" nalitumia kwa mazoea, lakini kifizikia linapotosha. Mtu akipiga mluzi, hewa iliyo mdomoni ndiyo inayolia, na ukubwa wa uwazi huo ndio unaoamua sauti iwe juu au chini. Kama pomboo angepiga hivyo, kumpa hewa nyepesi kungepandisha sauti yake. Mwaka 1977 pomboo mmoja alipewa mchanganyiko wa heliamu na oksijeni avute, na kanda za sauti zilipochambuliwa upya na kuchapishwa mwaka 2012, masafa ya mluzi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yalikuwa palepale. Katika mchanganyiko ule sauti husafiri kasi ya takriban mara 1.7 ya hewa ya kawaida, hivyo tofauti ingeonekana wazi. Maana yake kinachotetema ni nyama yenyewe, na anayeamua sauti ipande au ishuke ni msuli unaoikaza.

Hili mnaweza kulionyesha darasani kwa puto la shilingi mia chache. Lijazeni hewa, shikeni shingo yake kwa vidole viwili kila upande, ivuteni pembeni mpaka mdomo wake uwe mwembamba, kisha iacheni hewa itoke. Italia. Ivuteni zaidi, sauti itapanda. Ilegezeni, itashuka, na mkilegeza sana mtasikia mapigo yaliyoachana badala ya mlio mmoja. Hapo mmeonyesha kliki na mluzi kwa chombo kimoja. Mara nyingi zoezi huharibika kwa sababu mwanafunzi anabana shingo ya puto badala ya kuivuta kwa upana. Hewa hukatika na hakuna mlio. Puto kavu la muda mrefu, hasa kwa ukame wetu wa kuanzia Juni, hupasuka mapema. Lilainisheni kwanza kwa kulijaza na kulitoa hewa mara mbili tatu.

Kutengeneza sauti ni nusu ya kazi. Sauti inapotoka hewani kwenda majini, zaidi ya asilimia 99 ya nguvu yake hurudishwa kwenye mpaka, kwa sababu maji ni mazito mno kuliko hewa. Pomboo amelikwepa tatizo hilo kwa mafuta. Mbele ya midomo ya sauti, ndani ya lile paji lililovimba, kuna bonge la mafuta ya aina ya pekee. Sauti husafiri polepole zaidi katikati ya bonge na haraka zaidi pembeni, hivyo mawimbi hupinda kuelekea katikati na kutoka mbele kama mwale. Nyuma yake fuvu na vifuko vya hewa hufanya kazi ya kioo, hurudisha mbele sauti ambayo ingepotea mgongoni. Mwale wa kliki una upana wa pembe ya nyuzi 10 hivi tu. Kwa hiyo pomboo anayetafuta kitu huzungushazungusha kichwa, naye huweza pia kuusogeza mwale kidogo kwa kubadili umbo la bonge hilo.

Kusikia nako hakufuati njia tuliyozoea. Matundu ya masikio yapo, madogo kama ncha ya penseli, lakini kwa masafa ya juu hayana kazi kubwa. Kenneth Norris ndiye aliyependekeza katika miaka ya 1960 kwamba sauti huingia kwa taya la chini. Taya hilo ni tupu ndani, mfupa wake wa nyuma ni mwembamba sana, na ndani yake kuna mafuta yanayofanana na yale ya paji, yanayoongoza sauti moja kwa moja hadi kwenye mfupa wa sikio. Jaribio la mwaka 1988 lilithibitisha: pomboo alipovishwa kwenye taya kifuniko kinachozuia sauti, uwezo wake wa kutambua vitu kwa mwangwi ulishuka, alipovishwa kinachopitisha sauti, ulibaki. Mifupa ya masikio yenyewe haikushikamana na fuvu, imezungukwa na nafasi zenye povu la hewa, hivyo sikio la kulia na la kushoto hupokea kila moja kwa wakati wake. Bila hivyo fuvu zima lingetetema kwa pamoja na asingejua mwangwi unatoka upande gani.

Hapa ndipo hesabu zinapokuwa tamu, na ningependa usizipite haraka. Kliki ya pomboo hudumu mikrosekunde 50 hadi 80 na nguvu yake kubwa iko kwenye masafa ya kilohezi 110 hadi 130. Sikio la mwanadamu kijana huishia kilohezi 20; la pomboo hufika karibu 150. Sauti katika bahari ya joto kama ya Zanzibar hukimbia karibu mita 1,540 kwa sekunde, lakini kwa darasani tumieni 1,500. Gawa kwa 120,000: urefu wa wimbi ni sentimita 1.25. Kitu kidogo sana kuliko urefu wa wimbi hurudisha mwangwi hafifu, hivyo wimbi la sentimita moja na ushei linamfaa anayewinda samaki wa kiganjani. Mluzi wa kilohezi 10 una wimbi la sentimita 15. Kwa uwindaji haufai, kwa kuitana unafaa, maana hauishii kwenye mwale mwembamba na maji hayaunyonyi upesi.

Walinganishe na popo walao wadudu ambao wanafunzi wako wanawaona kila jioni wakitoka kwenye mapaa ya Dodoma. Popo akitoa sauti ya kilohezi 50 hewani, ambako kasi ni kama mita 348 kwa sekunde kwenye mchana wetu wa nyuzi joto 28, wimbi lake ni milimita 7. Kwa masafa chini ya nusu ya yale ya pomboo, yeye amepata wimbi fupi zaidi, kwa sababu hewani sauti ni ya polepole. Popo huyo hutumia zoloto lake na sauti humtoka mdomoni au puani. Viumbe wawili wamefika kwenye ufumbuzi mmoja kwa viungo tofauti, na hilo ni swali zuri la mtihani kuliko kutaja sehemu za mwili.

Samaki akiwa mita 15 mbele, sauti huenda na kurudi mita 30, sawa na milisekunde 20. Pomboo kwa kawaida husubiri mwangwi urudi, huongeza milisekunde 20 hadi 45 za kuuchakata, ndipo hutoa kliki inayofuata. Ukipima nafasi kati ya kliki na kliki unaweza kukisia anaangalia umbali gani. Akimkaribia samaki nafasi hizo hupungua, na sekunde ya mwisho kliki huwa mamia kwa sekunde, sikio letu husikia mlio mmoja wa kuvuma. Huko Hawaii, Whitlow Au alipima pomboo aliyegundua tufe la chuma la kipenyo cha sentimita 7.62 lililojaa maji, likiwa umbali wa mita 113.

Tahadhari moja kuhusu desibeli. Mtakutana na maandishi yanayosema kliki ya pomboo hufikia desibeli 220 na zaidi, kisha yanalinganisha na injini ya ndege. Ulinganisho huo ni batili. Desibeli za majini hupimwa kwa kigezo cha mikropaskali 1 na za hewani kwa mikropaskali 20. Hapo tu kuna tofauti ya desibeli 26. Ongeza tofauti ya uzito wa maji na hewa, desibeli 36 hivi, unapata 62. Toeni 62 kwanza kabla ya kulinganisha. Na kumbukeni kliki ni fupi mno, kwa hiyo hata baada ya kutoa, nishati yake ni ndogo kuliko namba inavyotisha.

Kuhusu majina, mwanafunzi wako wa tatu hajapotea. Mwaka 1965 Melba na David Caldwell waligundua kwamba kila pomboo aliyekuwa peke yake alirudiarudia mluzi mmoja wenye umbo lake: unapanda, unashuka, unajikunja kwa namna ambayo mwenzake hana. Tangu hapo pomboo wa Ghuba ya Sarasota, Florida, wanaochunguzwa tangu mwaka 1970, wametoa ushahidi mwingi. Mtoto huunda mluzi wake katika miezi ya mwanzo ya maisha, akiazima kutoka sauti anazozisikia lakini akiugeuza uwe wake. Mwaka 2006 Vincent Janik, Laela Sayigh na Randall Wells walitengeneza kwa kompyuta miluzi yenye umbo lilelile lakini bila sifa za sauti ya mwenyewe. Pomboo waliitambua miluzi ya jamaa zao. Kinachobeba utambulisho ni umbo, tofauti na sisi tunaomtambua mtu kwa sauti yake hata akikohoa.

Stephanie King na Janik wakaenda mbele zaidi mwaka 2013. Waliwachezea pomboo wa porini Uskoti nakala za miluzi yao wenyewe. Mwenye mluzi aliitika. Aliposikia mluzi wa mwingine hakuitika hivyo. Mwaka huohuo Jason Bruck alionyesha kwamba pomboo hukumbuka mluzi wa waliyewahi kuishi naye hata baada ya zaidi ya miaka 20. Na mwaka 2023 Sayigh na wenzake waliripoti kwamba mama wa Sarasota wakiwa na watoto wao hupandisha sehemu ya juu ya mluzi wao kuliko wanapokuwa bila mtoto.

Kwa hiyo waambie ndiyo, kuna kitu kinachofanya kazi ya jina. Lakini weka mpaka, maana mitandao haiweki. Jina lake pomboo hujiundia mwenyewe, na mara nyingi hulitangaza mwenyewe. Wanaoliiga ni hasa mama na mtoto, au madume wawili walioshikamana, wanapotengana. Hakuna aliyeonyesha kwamba miluzi hiyo huunganishwa kuwa sentensi porini. Pomboo wa mtafiti Louis Herman huko Hawaii walielewa mpangilio wa ishara walizofundishwa na binadamu, na huo ni uwezo wa akili wa kuheshimiwa sana, lakini ni jambo jingine na kuwa na lugha yao wenyewe yenye sarufi. Tena siyo jamii zote hupiga miluzi. Pomboo wadogo wa Heaviside, wa pwani ya kusini magharibi mwa Afrika, hawana miluzi. Hutumia kliki, nyingi zikiwa za masafa ya juu. Nguva, ambaye watu wengi humchanganya na pomboo, ni mnyama wa ukoo mwingine kabisa na hatafuti kitu kwa mwangwi.

Nije kwenye vitendo. Dodoma mna kompyuta, na hiyo inatosha kuanzia. Hifadhi ya sauti za wanyama wa baharini ya William Watkins, iliyo chini ya taasisi ya Woods Hole, Marekani, inapatikana bure mtandaoni. Pakua faili za WAV, yaani sauti isiyogandamizwa, za Tursiops, jina la kisayansi la pomboo wa tafiti nyingi nilizozitaja. Usichukue sauti kutoka kwenye video zilizosambazwa kwa simu, kwa sababu mgandamizo wa faili hufuta masafa ya juu, na hayo ndiyo mnayoyatafuta. Programu ya kuchambulia sauti ya Audacity ni ya bure, na Raven Lite ya Chuo Kikuu cha Cornell pia. Zipakue siku ambayo umeme na intaneti vipo, uweke kwenye flashi, ili kipindi kisikwamishwe na kukatika.

Kabla ya kufungua faili angalia kasi ya usampuli, yaani sauti ilipimwa mara ngapi kwa sekunde; kila kipimo ni sampuli moja. Kompyuta huona masafa hadi nusu tu ya kasi hiyo. Faili ya kilohezi 44.1 inaishia 22.05, utaona sehemu kubwa ya miluzi, ambayo mingi iko kati ya kilohezi 2 na 20 hivi, lakini kliki utakazoona ni mkia wao wa chini tu. Ili kuona kilele cha kliki kwenye kilohezi 120 unahitaji rekodi ya angalau kilohezi 300. Walimu wengi hukwama hapa: wanapunguza kasi ya uchezaji mara 10 kwenye faili ya 44.1 wakitarajia kusikia yaliyofichika. Hayakurekodiwa, kwa hiyo hayatasikika.

Badili mwonekano kuwa spektrogramu: muda ukienda kulia, masafa yakipanda juu. Kwa faili ya kilohezi 48, weka dirisha, yaani kipande cha sauti ambacho programu huchambua kwa mara moja, la sampuli 1,024 la aina iitwayo Hann. Dirisha hilo lina milisekunde 21 na hutenganisha masafa ya kila hezi 47. Miluzi itaonekana kama mistari safi inayopinda. Kliki zitaonekana zimevurugika, kwa sababu dirisha ni refu mno kuliko kliki yenyewe. Punguza hadi sampuli 128, yaani milisekunde 2.7: sasa kliki zitasimama kama mistari wima, na miluzi itanenepa. Huwezi kupata vyote kwa mpigo mmoja. Fanya mara mbili na wanafunzi wachore zote.

Kosa kubwa la wanaoanza ni mlipuko wa kliki. Pomboo wanapogombana au kusisimka hutoa kliki mamia kwa sekunde mfululizo. Kliki 300 kwa sekunde zimeachana milisekunde 3.3, dirisha la milisekunde 21 hubeba sita kwa pamoja, na programu huchora ngazi ya mistari mlalo iliyoachana hezi 300. Mwanafunzi ataapa kwamba ameona mluzi wenye sauti nyingi za juu yake. Mpe dirisha la 128: mistari mlalo ikivunjika kuwa wima, ilikuwa kliki, ikibaki, ni mluzi.

Kutafuta jina, tumieni kigezo kilichochapishwa mwaka 2013: umbo lilelile lionekane angalau mara 4, na angalau asilimia 75 ya marudio yawe yamefuatana kwa nafasi ya sekunde 1 hadi 10. Wapeni wanafunzi karatasi ya uwazi, wachore kila mluzi juu yake, kisha wazipandishe karatasi kulinganisha. Jicho la mwanadamu ni zuri sana katika kazi hii. Kigezo ni kikali na kitawaacha na miluzi mingi isiyo na jina, hilo ni sawa.

Mkitaka maji halisi, tumieni birika refu la kunyweshea ng'ombe. Nunueni visahani viwili vya piezo, vinavyogeuza mtetemo kuwa umeme, vya milimita 27, viungeni kwa waya wenye kinga, na kuvifunika kwa gundi ya epoksi. Silikoni inayonuka siki msiitumie, asidi yake hula shaba. Visahani hivi vina nanofaradi 20 hivi, kwa hiyo mkivichomeka kwenye tundu la simu lenye ukinzani wa kiloomu 2, kila kitu chini ya kilohezi 4 kitafifia, na simu nyingi hazitavitambua kabisa, zitaendelea kutumia maikrofoni yake. Azimeni mikisa ya kwaya yenye tundu la gita, ambalo ukinzani wake hukaribia megaomu 1. Hapo mtapokea hadi hezi 8. Kisahani kimoja kiende upande wa kushoto wa rekodi, kingine kulia.

Viwekeni umbali wa mita 3 kwenye mstari mmoja, mwanafunzi agonge mawe mawili ndani ya maji nje ya visahani vyote, kwenye mstari huohuo. Rekodini kwa kilohezi 48. Tofauti ya muda iwe karibu milisekunde 2, sawa na sampuli 96 hivi. Hewani kwa umbali uleule ni zaidi ya sampuli 410. Mkipata chini ya 80, kuna mtu amegonga ukuta: saruji hupitisha sauti haraka kuliko maji na mlio wake hutangulia. Mkipata mlio hafifu, tazameni viputo vilivyonasa kwenye visahani na vipanguseni kwa maji ya sabuni. Fanyeni asubuhi mapema, kwa sababu upepo wa Dodoma wa mchana hutingisha waya na kelele yake hufunika kila kitu.

Siku mkipata safari ya treni hadi Dar es Salaam na boti hadi Unguja, pomboo wako Kizimkazi, kusini mwa kisiwa: Tursiops aduncus, binamu wa yule aliyepimwa kwenye tafiti nyingi nilizozitaja, na pomboo wa nundu, Sousa plumbea, ambaye yuko hatarini kutoweka, hasa kwa kunaswa kwenye jarife. Mwambieni nahodha mapema kwamba mmekwenda kusikiliza, asiwafukuze pomboo wala kuwakatia njia, na injini izimwe kabla ya kushusha kisahani mita 3 hadi 5 chini. Kelele ya injini huangukia masafa yaleyale ya miluzi, kwa hiyo boti tatu zikiwazunguka pomboo hamtarekodi kitu, na wao kwa wao watasikiana kwa shida. Mtakachosikia kwanza ni mchakacho kama wa mafuta yanayokaanga. Ni kamba wadogo wa miambani wenye gando moja kubwa wanalolifunga kwa kasi. Milio yao haina mpangilio. Kliki za pomboo hufuatana, na nafasi zake hupungua au kuongezeka taratibu. Rekodini kwa WAV, na sauti ya kwanza kwenye kila faili iwe ya mwanafunzi akitaja tarehe, saa, kina cha kisahani na idadi ya pomboo wanaoonekana.